Namna ya Kuzalisha Mwanga wa Leza wa Masafa ya Juu kwa Chembe Nano za Dhahabu: Mwongozo kwa Maabara za Arusha na Moshi

Leza nyingi zinazotumika maabarani hutoa mwanga mwekundu au wa infraredi, ilhali kazi nyingi za uchunguzi wa molekuli na vitu vidogo sana huhitaji mwanga wenye masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya juu zaidi, yaani wa bluu, wa urujuanimno na hata zaidi ya hapo. Njia iliyozoeleka ya kuupata mwanga huo ni kuyazidisha masafa ya leza uliyonayo: fotoni mbili huunganishwa kuwa moja yenye nishati maradufu, na urefu wa wimbi hupungua kwa nusu. Jambo hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961, pale Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walipoelekeza leza ya rubi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 694.3 kwenye kipande cha kwatzi na kupata mwanga hafifu wa nanomita 347.2. Doa la mwanga huo kwenye picha yao lilikuwa dogo kiasi kwamba halionekani katika nakala iliyochapishwa jaridani. Inasimuliwa kwamba lilifutwa kwa kudhaniwa kuwa uchafu.

Naitaja habari hiyo kwa sababu inagusa kiini cha kazi hii. Mwanga wa hamoniki, kama unavyoitwa mwanga uliozidishwa masafa, huja kidogo sana, na huja ukiwa umechanganyika na mwanga mwingine unaofanana nao. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi wa uzamili au fundi wa maabara aliyeko Arusha au Moshi ambaye anataka kutumia chembe nano za dhahabu kuzalisha hamoniki hiyo, na ndani yake nitatumia nafasi kubwa kueleza namna ya kuthibitisha ulichokipata, kwa kuwa huko ndiko kazi nyingi za aina hii zinakovunjikia.

Kwa nini chembe za metali

Chembe ya dhahabu yenye upana wa makumi machache ya nanomita ina elektroni huru ambazo, zikipigwa na mwanga, huyumba zote kwa pamoja, kama maji ndani ya karai linalosukumwa huku na huku: msukumo ukiafikiana na mwendo wa maji yenyewe, mawimbi hupanda juu kuliko inavyotarajiwa kwa nguvu ya mkono. Myumbo huo wa elektroni huitwa plazmoni. Masafa ya leza yakiafikiana na ya plazmoni, uga wa umeme karibu na uso wa chembe, hasa kwenye ncha zake, huwa mkubwa mara nyingi kuliko uga wa mwale wenyewe. Faida yake ni kubwa kwa kuwa hamoniki ya pili, ile yenye masafa maradufu, hukua kwa mraba wa ukali wa mwanga. Uga ukiongezeka mara 10, ukali huongezeka mara 100, na hamoniki inayozaliwa mahali hapo inaweza kuongezeka mara 10,000.

Upande wa pili wa hesabu ni kwamba eneo lenye uga huo mkubwa ni dogo mno, na mpangilio wa atomi za dhahabu ni linganifu kiasi kwamba hamoniki ya pili haizaliwi ndani ya metali bali kwenye uso wake. Chembe ya duara kamili hujipinga yenyewe, kwa sababu mchango wa upande mmoja hufutwa na mchango wa upande wa pili. Ndiyo maana umbo la chembe, kasoro zake, na kule kukaa kwake juu ya kioo upande mmoja na hewa upande mwingine, vyote vina uzito.

Kuchagua chembe inayoafikiana na leza

Dhahabu ya duara yenye kipenyo cha nanomita 20 hivi, ikiwa ndani ya maji, hufyonza zaidi mwanga wa karibu nanomita 520. Fedha ya duara hufanya hivyo karibu na nanomita 400. Zote mbili ziko mbali na leza ya femtosekunde (ya mipigo mifupi sana; femtosekunde ni sehemu ya milioni ya nanosekunde) iliyoenea zaidi maabarani, ile ya fuwele ya yakuti yenye titani, ambayo hufanya kazi karibu na nanomita 800. Chembe inayofaa kwa leza hiyo ni kijiti cha dhahabu chenye urefu wa takriban mara nne ya upana wake, kwa kuwa plazmoni ya urefu wa kijiti husogea kuelekea infraredi kadiri kijiti kinavyorefuka.

Aliye na leza ya fuwele ya YAG yenye neodimi, ya nanomita 1064, atavutiwa kuona kwamba nusu ya urefu huo wa wimbi ni 532, karibu kabisa na plazmoni ya dhahabu ya duara. Ni kweli kwamba hapo chembe husaidia hamoniki inapotoka, lakini mipigo ya leza nyingi za aina hiyo hudumu nanosekunde kadhaa, muda unaotosha kuipasha chembe moto hadi ibadilike umbo. Dhahabu ya kawaida huyeyuka kwa nyuzi joto 1064 za Selsiasi. Kijiti cha nanomita huanza kujikunja kuwa mpira chini sana ya hapo. Kwa kazi ya kwanza ninashauri vijiti na femtosekunde.

Maji kwanza

Katika mikoa yetu hili ndilo jambo la kulitilia mkazo kuliko yote. Maji ya chini ya ardhi yanayotoka kwenye miteremko ya Meru na maeneo ya jirani yanajulikana kwa floridi nyingi, na pamoja na floridi hubeba chumvi nyingine. Chembe nano husimama katika maji kwa sababu zina chaji inayozifanya zisukumane, na chumvi huifunika chaji hiyo. Maji ya bomba hayafai hata kwa suuza ya mwisho ya vyombo, na kuyachemsha hakuondoi chumvi. Tumia maji yaliyoondolewa ioni, yenye ukinzani wa megaohimu-sentimita 18 hivi, na uyahifadhi katika chombo kilichofungwa.

Kabla ya kugusa vijiti, jizoeze kwa chembe za duara kwa njia ya sitreti, inayojulikana tangu kazi ya John Turkevich na wenzake ya mwaka 1951. Chemsha mililita 20 za asidi ya kloridi ya dhahabu ya milimolari 1 huku sumaku ya kukorogea ikizunguka kwa nguvu, kisha umimine kwa mara moja mililita 2 za myeyusho wa asilimia 1 wa trisodiamu sitreti. Rangi ya manjano hafifu hupotea, mchanganyiko huwa kama maji matupu, halafu hugeuka kijivu cha bluu, zambarau, na katika dakika kama kumi hutulia kwenye wekundu mzito wa divai. Hapa Arusha, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, maji huchemka karibu na nyuzi 95, na Moshi, iliyo chini zaidi, karibu na 97. Kwa hiyo usikae ukisubiri kipimajoto kifike 100, bali angalia povu linalopanda sawasawa katika chombo chote.

Ukiisha kupata wekundu huo, chukua matone machache pembeni, utie punje za chumvi ya mezani, uone. Wekundu hugeuka bluu ndani ya sekunde chache, kwa kuwa chembe zimeshikamana. Rangi hiyo ukiiona siku nyingine bila kutia chumvi, utajua kosa liko kwenye maji au kwenye vyombo. Na asiwepo wa kujaribu kuyeyusha pete au hereni ili apate dhahabu ya kuanzia, kwa sababu dhahabu ya vito huchanganywa na shaba na fedha, na metali hizo zitaharibu kazi yote. Nunua chumvi ya dhahabu iliyopimwa usafi.

Kukuza vijiti

Vijiti hukuzwa kutoka kwenye mbegu. Njia ninayoipendekeza ni ile ya Nikoobakht na El-Sayed ya mwaka 2003, kwa sababu vipimo vyake ni wazi na huvumilia mikono ya anayejifunza. Sabuni inayotumika ni setili-trimethili-amonia bromidi, ambayo chupa yake huandikwa CTAB. Kwa mbegu, changanya mililita 5 za sabuni hiyo ya molari 0.2 na mililita 5 za myeyusho wa dhahabu wa milimolari 0.5, kisha utie mililita 0.6 za sodiamu borohidridi ya molari 0.01 iliyotengenezwa papo hapo kwa maji ya barafu. Mchanganyiko hugeuka kahawia yenye umanjano.

Kwa ukuzaji, changanya mililita 5 za sabuni ileile na mikrolita 50 hadi 250 za naitreti ya fedha ya milimolari 4, ongeza mililita 5 za dhahabu ya milimolari 1, kisha mikrolita 70 za asidi askobiki ya molari 0.0788. Umanjano hupotea kabisa. Usipopotea, asidi yako ya askobiki imechakaa na ni vyema uitengeneze upya. Mwisho tia mikrolita 12 za mbegu, tikisa taratibu, na uache bila kugusa. Rangi hujitokeza polepole katika dakika 10 hadi 20. Kiasi cha naitreti ya fedha ndicho kinachoamua urefu wa kijiti, hivyo andaa chupa kadhaa zenye viwango tofauti kwa wakati mmoja badala ya kubahatisha kiwango kimoja.

Sabuni hii huganda kuwa fuwele nyeupe, zenye umbo la sindano, joto likishuka chini ya nyuzi 25 hivi. Kuanzia Juni hadi Agosti, maabara ya Arusha ikifunguliwa asubuhi huwa baridi kuliko hapo, na chupa iliyoachwa mezani usiku hukutwa imejaa sindano hizo. Aliyezoea maelekezo yanayosema tu “joto la chumba” ataona vijiti vyake vikitoka hovyo na hatajua sababu. Weka chupa zote kwenye bafu la maji la nyuzi 28 hadi 30, tangu unapoyeyusha sabuni hadi vijiti vinapokomaa, na usizitoe bafuni kwa ajili ya kupima haraka. Borohidridi hutoa hidrojeni, na sabuni hii ni sumu kwa viumbe wa majini. Fanya kazi kwenye kabati la kufyonza mvuke, vaa glavu na miwani, na usimwage mabaki kwenye sinki.

Pima ufyonzaji kwa spektrofotomita. Utaona vilele viwili: kidogo karibu na nanomita 510 hadi 520, cha upana wa kijiti, na kikubwa kwenye wekundu wa mbali au infraredi, cha urefu wake. Kilele kikubwa ndicho cha kuafikisha na leza, lakini usikilenge 800 kamili ndani ya maji. Vijiti vikikaushwa juu ya kioo, vinazungukwa na hewa badala ya maji, na kilele hurudi nyuma kwa makumi ya nanomita. Lenga basi 840 au zaidi kidogo ndani ya maji, kisha upime upya vikiwa juu ya kioo. Kipimo cha pili ndicho cha kuaminiwa.

Ili kuviweka juu ya kioo, zungusha myeyusho kwa kasi kwenye mashine ya kutenganisha (sentrifuji), mwaga maji ya juu yenye sabuni, ongeza maji safi, na urudie mara moja tu, kwa kuwa sabuni ikiondolewa yote vijiti hushikamana. Dondosha tone lililozimuliwa juu ya kioo kilichosafishwa na ukiache kikauke polepole chini ya kifuniko. Vijiti vilivyotawanyika vinafaa kuliko vilivyorundikana.

Kuupeleka mwale

Kama taasisi yako haina leza ya femtosekunde, sehemu ya kwanza ya kazi inaweza kukamilika Tengeru au Moshi mjini, na vioo vikapelekwa kwenye maabara yenye leza. Mtandao wa Kituo cha Leza cha Afrika, ulioanzishwa mwaka 2003 na wenye makao yake Pretoria, na taasisi ya utafiti wa leza ya Chuo Kikuu cha Stellenbosch ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia. Safirisha vioo vikavu katika kisanduku kilichofungwa. Myeyusho ukigandishwa na baridi, chembe hushikamana na hazirudi.

Mpangilio wenyewe si mgumu. Mwale hupita kwanza kwenye kifaa cha kupunguzia nguvu, kisha kwenye kichujio kinachopitisha mwanga wa juu ya nanomita 650 tu, ili mwanga wowote wa bluu uliozaliwa ndani ya vifaa vya kabla usije ukahesabiwa kuwa wako. Lenzi huukusanya mwale kwenye sampuli, lenzi ya pili hukusanya kinachotoka, kichujio kingine huzuia mwanga wa 800, na kilichobaki huingia spektromita, kifaa kinachopima mwanga kwa kila urefu wa wimbi.

Kosa la kuogopwa ni nguvu iliyozidi. Chukua leza yenye mipigo milioni 80 kwa sekunde, kila mpigo wa femtosekunde 100, iliyokusanywa kwenye doa la mikromita 2. Kwa wastani wa miliwati 100, kila mpigo hubeba nanojuli 1.25, na doa hupokea takriban milijuli 40 kwa sentimita ya mraba, kiasi kinachotosha kuvunja umbo la vijiti. Kwa miliwati 1, kipimo hushuka hadi milijuli 0.4. Anza hapo, panda kidogo kidogo, na kila baada ya hatua chache rudi kwenye nguvu ya mwanzo uone kama ishara bado ni ileile. Isiporudi, vijiti vimeumia, na data zote zilizochukuliwa baada ya hatua hiyo hazifai.

Mwanga wa nanomita 800 jicho huuona kwa shida, kwa hiyo halipepesi kujikinga, na uharibifu wa retina haurekebishiki. Vaa miwani iliyotengenezwa kwa urefu huo wa wimbi, vua saa, pete na bangili, na usiinamishe uso hadi usawa wa meza kwa sababu yoyote ile, hata ya kuokota kalamu.

Kuthibitisha kwamba ni hamoniki

Utaona mwanga karibu na nanomita 400, nawe utafurahi, lakini subiri. Dhahabu ikipigwa na mipigo mikali hufyonza fotoni mbili na kung'aa, na mng'ao huo huenea kuanzia bluu hadi wekundu. Wengi hufundishwa kuchora ishara dhidi ya nguvu ya leza na kutazama kama inakua kwa mraba. Kipimo hicho ni cha lazima, lakini hakitoshi, kwa sababu mng'ao wa fotoni mbili nao hukua kwa mraba. Ni lazima utumie vipimo vingine.

Cha kwanza ni upana. Mpigo wa femtosekunde 100 kwenye nanomita 800 una upana wa nanomita 9 hivi, na hamoniki yake ya pili inatakiwa kuwa na upana wa takriban nanomita 3 tu. Kilele chembamba kilichosimama juu ya kilima kipana ndicho unachokitafuta, na kilima hicho ni mng'ao. Cha pili, ambacho kwangu ni chenye nguvu kuliko vyote, ni kuisogeza leza. Ihamishe kutoka 800 hadi 820: hamoniki ni lazima ihamie 410, nusu kamili, ilhali mng'ao wa dhahabu hubaki palepale ulipo. Cha tatu ni kuiondoa leza kwenye hali ya mipigo na kuiacha itoe mwale usiokatika wenye wastani uleule wa nguvu. Ishara inatakiwa kutoweka. Cha nne ni kioo kitupu, kilichooshwa na kukaushwa kwa namna ileile lakini bila vijiti, kikiwekwa mahali palepale. Kipimo hiki hurukwa mara nyingi kwa kuwa kinaonekana cha kupoteza muda, nami nasisitiza kifanywe kila siku ya kazi.

Ukitaka kwenda kwenye hamoniki ya tatu, ya nanomita 267, utapata nafuu ya kwamba ulinganifu wa dhahabu hauizuii. Badilisha tu lenzi na vioo vya upande wa kutokea viwe vya silika safi, kwa maana kioo cha kawaida huufyonza mwanga huo, na tarajia ishara ikue kwa kipeo cha tatu cha nguvu.

Kupanda zaidi: urujuanimno wa mbali

Hamoniki za juu kabisa huzaliwa kwa njia nyingine. Uga wa leza huing'oa elektroni kutoka kwenye atomi, huisukuma mbali, kisha huirudisha, nayo ikiungana tena na atomi yake hutoa nishati yote iliyokusanya kama fotoni moja. Anne L'Huillier na wenzake waliziona hamoniki hizo katika gesi adimu mwaka 1987, na mwaka 2023 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli pamoja na Pierre Agostini na Ferenc Krausz. Katika gesi ya agoni, kwa leza ya nanomita 800 yenye wati trilioni 100 kwa sentimita ya mraba, kikomo ni takriban elektronivolti 35, yaani karibu na hamoniki ya 21, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 38. Hewa huumeza mwanga huo mara moja, hivyo kila kitu hufanyika ndani ya chemba ya utupu.

Ukali huo huhitaji leza kubwa, na wazo la kuupata kwa leza ndogo kupitia chembe za metali lilivutia wengi. Mwaka 2008 kundi la Korea Kusini liliripoti hamoniki za juu kutoka kwenye agoni iliyopulizwa juu ya pembetatu za dhahabu zilizokaribiana ncha kwa ncha. Mwaka 2012 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walirudia mpangilio wa aina hiyo na kuonyesha kwamba mwanga waliouona ulikuwa wa mistari (urefu wa mawimbi maalumu) ya atomi za agoni zilizosisimuliwa, si hamoniki, kwa kuwa gesi inayoingia kwenye eneo lenye uga mkubwa ni chache mno kujenga mwale wa pamoja.

Njia iliyozaa matunda zaidi kwa chembe za metali ni ya kuzigeuza kuwa wingu. Mpigo wa kwanza hupiga shabaha iliyopakwa chembe nano za fedha na kuinua wingu la plazma, yaani gesi ya moto yenye ioni na elektroni. Baada ya makumi ya nanosekunde, mpigo wa femtosekunde hupita katikati ya wingu hilo, na hamoniki hutoka katika mwelekeo wa mwale wake. Hapa chembe hazikusudiwi kudumu, kwa hiyo shabaha husogezwa au kuzungushwa ili kila mpigo ukute sehemu mpya. Ikiachwa palepale, ishara hufifia baada ya mipigo michache na mtu huweza kudhani kwamba leza ndiyo iliyolegea. Kipimo cha kusogeza leza kinafaa huku pia: mistari ya atomi na ioni za fedha haihami urefu wa wimbi wa leza unapobadilishwa, na hamoniki huhama zote, kila moja kwa kiwango chake.